Hii Ina Ngano?

Muhula uliopita nilikwenda Dar kwenye harusi ya binamu yangu. Kwenye harusi yenyewe nilibeba chakula changu kwenye kikontena: wali, samaki wa kuchoma na mchicha. Niliketi pembeni nikala kimya kimya huku shangazi zangu wakiulizana kama mtoto wa Mtwara amekuwa na maringo. Kesho yake jioni binamu wakasema twende tukale mjini, kwenye mgahawa mmoja wa kuku, ile ya kampuni zenye matawi nchi nyingi. Jina silitaji. Nilikuwa nimechoka kubeba vikontena, nikaenda.

Pale kaunta nikamuuliza kijana anayepokea oda, "Samahani kaka, hii kuku ina ngano?" Akatabasamu. "Hapana dada, ni kuku tu." Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na binamu mmoja akanisukuma bega, "Agiza bwana, watu wanasubiri." Nikaagiza. Nikala kipande kimoja na nusu.

Niseme ukweli hapa. Lile ganda la nje linalolia kru-kru ukiliuma, kila aliyewahi kukaanga kitu nyumbani anajua ni unga. Hata mimi nilijua. Nilitaka tu mtu aniambie hapana, ili kwa usiku mmoja niwe kama wenzangu.

Alfajiri nikapanda basi la kurudi. Safari ya Dar hadi Mtwara inazidi kilomita 500. Tulipovuka Daraja la Mkapa pale Rufiji tumbo lilikuwa limeshaanza. Kufika Somanga nilikuwa nimemwomba konda asimamishe gari mara mbili, na abiria wa siti ya nyuma wameanza kunipa ushauri. Mtwara niliingia sina nguvu hata ya kubeba begi. Siku tatu sikutoka chumbani, na katikati ya siku hizo kulikuwa na testi. Sikuifanya.

Ndugu zangu wanachuo, siandiki haya ili mnihurumie. Nina hoja, na inatuhusu sisi wote tunaokula kwa boom kwenye kafeteria na kwa mama ntilie: mtu mwenye ugonjwa wangu hapungukiwi chakula huku kwetu. Anapungukiwa watu wanaojua walichoweka kwenye sufuria na walio tayari kumwambia ukweli.

Ugonjwa wenyewe

Ninaumwa siliaki. Ukila ngano, shayiri au nafaka iitwayo rai, unakula protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda, na ndiyo maana chapati ya mahindi haikunjiki kama ya ngano. Kwa watu wengi gluteni haina shida yoyote. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili inaiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo inaumiza utumbo mdogo wa mwenye mwili. Ndani ya utumbo kuna vijinyuzi vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vikisagika, unaweza kula sahani tatu kwa siku na bado damu ikapungua, ukakonda, ukachoka, na mtoto akadumaa.

Dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na kuacha kwenyewe si kwa kupunguza. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuandikwa "hakina gluteni" ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Chapati moja ina gramu kadhaa, yaani maelfu ya miligramu. Kwa hiyo mwenzangu ukiniambia "onja kidogo tu", kidogo chako kwangu ni kingi.

Mimi dalili zilianza nikiwa kidato cha pili. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa amiba, taifodi sijui mara ngapi, kisha vidonda vya tumbo. Mwalimu mmoja alinipa jina la mtegeaji, kwa sababu kila siku ya mchakamchaka nilikuwa naumwa. Nilikuja kujulikana ninaumwa nini nikiwa na miaka 20, baada ya mjomba kunipeleka kwa bingwa wa tumbo huko Dar. Walipima damu, wakapitisha kamera kooni, wakachukua kinyama kidogo cha utumbo wakakichunguza. Nilipoacha ngano, ndani ya miezi michache nilikuwa mtu mwingine.

Nikushauri jambo moja ukijihisi una dalili kama zangu: usiache ngano kabla hujapimwa. Ukiacha, vipimo vinaweza kuonyesha huna kitu wakati unacho. Nenda hospitali kwanza.

"Huo ni ugonjwa wa wazungu"

Hili nimelisikia bwenini, darasani, hata kwa muuguzi. Jibu langu ni hili. Kweli, uhusiano wa ugonjwa na ngano uligunduliwa Ulaya. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa na shaka na ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, Uholanzi ilikumbwa na njaa kali na mkate ukaadimika. Watoto wake wagonjwa wakapata nafuu wakati taifa zima lina njaa. Mkate uliporudi, na wao wakarudi kuumwa. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Lakini kugunduliwa Ulaya si kuishi Ulaya peke yake. Mwaka 1999 watafiti waliowapima watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, walikuta zaidi ya watoto watano katika kila 100 wana siliaki. Ulaya kwa kawaida ni kama mmoja katika 100. Hao ni Waafrika wenzetu, na moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba chakula chao cha asili kilibadilika, ngano ikachukua nafasi kubwa kwa muda mfupi.

Sasa angalia sahani zetu. Bibi yangu wa Msimbati anasema enzi zake mkate ulikuwa wa Idi na wa mgeni. Chakula cha siku kilikuwa ugali wa muhogo, wali ukipatikana, mtama, na samaki wa Mnazi Bay. Leo mwanachuo anaamka na maandazi mawili, saa nne chapati, mchana wali, jioni tambi au chapati tena na maharage. Ngano hiyo huku Kusini hatuilimi, na sehemu kubwa ya inayoliwa nchini inatoka nje kwa meli. Sisemi ngano ni sumu. Kama tumbo lako liko sawa, kula chapati zako kwa raha. Nasema tu kwamba tumeiingiza kwenye kila mlo bila hata kuona kwamba tumeiingiza.

Karatasi ya mgahawa mkubwa

Kuna wanaoniambia, "Ungekuwa Ulaya usingehangaika, kule kila kitu kimeandikwa." Ni kweli kwa kiasi. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka hata hoteli na migahawa kumwambia mteja kama chakula kina kitu chochote kati ya vitu 14 vinavyodhuru watu, na nafaka zenye gluteni ndizo za kwanza kwenye orodha. Sheria hiyo naitamani.

Lakini karatasi haitoshi. McDonald's ya Marekani yenyewe inaorodhesha kwamba chipsi zake zina ladha ya nyama iliyotengenezwa kwa kitu kitokanacho na ngano. Chipsi! Ukimuuliza mtu yeyote kama viazi vina ngano atakucheka. Mwaka 2012 Domino's ilitangaza pizza yenye mkate usio na gluteni, na hapo hapo ikaonya kwamba haiwafai wenye siliaki, kwa sababu inapikwa jiko moja na zile nyingine, na unga unapeperuka kila mahali. Yaani waliotengenezewa ndio walioambiwa wasile. Angalau walisema ukweli, na ukweli huo ungeniokoa pale Dar.

Yule kijana wa kaunta simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha. Yeye kapewa kofia, tisheti na mashine ya oda. Kuku anakuja akiwa tayari, kakatwa na kupakwa mbali na macho yake. Swali langu kwake lilikuwa kama nimemuuliza namba ya injini ya basi. Akajibu kwa adabu ili foleni isogee.

Mama anayejua sufuria yake

Sisi huku Mtwara migahawa ya aina ile si maisha yetu ya kila siku. Tuna kafeteria, tuna vibanda vya chipsi, tuna mama ntilie. Na hapa ndipo nilipojifunza kitu.

Karibu na geti letu kuna mama anayepika wali, ugali na samaki. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, shikamoo. Mimi nikila ngano naumwa sana, hata kidogo. Hapa nile nini?" Hakunicheka. Alisema, "Marahaba mwanangu, kaa hapo." Akaanza kunihesabia chakula chake kimoja kimoja. Wali wa nazi, hauna kitu. Maharage, hayana. Mchuzi wa pweza, nazi na nyanya tu. Alipofika kwenye samaki wa kukaanga akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawa usile. Nawapaka unga kidogo wasigande kwenye karai."

Mnaona? Mimi samaki nisingeuliza. Alinijibu vizuri kwa sababu mkono uliopaka unga ndio mkono uliokuwa unanipakulia. Tangu siku ile ananiwekea samaki wawili wadogo pembeni, anawakaanga mwanzo kabisa kabla ya wale wenye unga, mafuta yakiwa bado masafi. Siku akiwa hayupo, binti yake amefundishwa. Na bei ni ile ile.

Lakini nisiwapambe mama ntilie kama malaika. Mwingine nilimweleza hivyo hivyo, akaitikia "sawa sawa", kisha akanipakulia maharage kwa upawa uliotoka kwenye mchuzi aliouongezea uzito kwa unga. Moyo anao mzuri, ila hakuna siku aliyoelezwa kwamba upawa nao unabeba. Kwa hiyo mgahawa mkubwa una utaratibu ila hauna mtu wa kukusikiliza; mama ntilie anasikiliza ila hana utaratibu. Sisi tunahitaji vyote viwili, na gharama yake ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Kwa faida ya mwingine mwenye shida kama yangu, nawaorodheshea ninavyoviogopa na wengine hawavidhanii. Chipsi zilizokaangwa kwenye karai la sambusa au maandazi. Bagia, ambazo wengine huongezea unga wa ngano kwenye kunde au dengu. Kachori. Vitumbua, ambavyo asili yake ni mchele lakini siku hizi wapo wanaochanganya ngano ili viumuke. Urojo. Mishkaki iliyolowekwa kwenye sosi ya soya, kwa sababu sosi nyingi za soya zinatengenezwa na ngano. Unga wa lishe, ambao mara nyingi una ngano ndani yake, na hata sembe iliyosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga lishe muda huo huo.

Ninavyokula bila hofu ni vingi zaidi: muhogo wa namna zote, viazi vitamu, magimbi, ndizi, wali, mtama, kunde, mbaazi, choroko, kisamvu, samaki wa kuchoma, pweza, korosho, embe, madafu. Nikivisoma hivi naona karibu ni sahani ya bibi yangu. Ajabu ni kwamba ugali wa muhogo ndio tunaouonea aibu mbele ya wageni. Rumeti wangu mwaka wa kwanza aliniuliza kwa nini nakula chakula cha njaa. Sasa hivi yeye ndiye anayenivizia Jumapili nikitoka Msimbati na kapu.

Kafeteria yetu

Nimewahi kusikia hoja hii kwenye kikao cha darasa: "Wenzako mwisho wa boom wanalala na uji, wewe unataka chakula maalumu." Hoja hii naiheshimu, maana na mimi boom ikikata nalala na uji. Wenye njaa ni wengi kuliko wenye siliaki, hilo halina ubishi. Lakini siombi chakula maalumu. Siombi mkate wa kopo kutoka Dar wala unga wa bei ya kitabu. Naomba habari na usafi wa vyombo, na hivyo havimpunguzii mtu yeyote wali wake.

Tena si mimi peke yangu. Ile orodha ya vitu 14 ya Ulaya ukiisoma ni kama unatembea sokoni kwetu: samaki, kamba na kaa, pweza, karanga, korosho, ufuta, mayai, maziwa, soya. Mkoa huu unaishi kwa korosho. Lakini yupo mtu ambaye korosho moja iliyosagwa kwenye mchuzi inaweza kumziba pumzi, na huyo hatapata siku tatu za kulala chumbani kama nilizopata mimi. Ubao utakaonisaidia mimi utamwokoa yeye.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi, hasa wizara inayoshughulikia chakula na afya, naomba mambo matatu muhula ujao:

1. Ubao mlangoni mwa kafeteria, uandikwe kwa chaki kila asubuhi: chakula cha leo ni hiki, na ndani yake kuna ngano, karanga, korosho, maziwa au samaki. Mpishi anajua alichoweka. Aandike tu.

2. Vyakula visivyo na unga vikaangwe kwanza, mafuta yakiwa mapya. Viazi na muhogo vitangulie, maandazi na sambusa vifuate. Na kila sufuria iwe na upawa wake usiohama.

3. Wapishi wa kafeteria na mama ntilie wa pale getini waalikwe nusu siku, wakae na mtu wa afya na sisi wenye matatizo haya, tuzungumze. Tusiwafundishe kupika, hilo wanatuzidi. Tuwaeleze tu kinachotudhuru, nao watuambie kinachowezekana jikoni.

Sisi walimu wa kesho

Nimeacha hili la mwisho kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Wengi wetu hapa tunasoma ualimu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya pwani upande wa mto Ruvuma, kulikuwa na mtoto wa darasa la pili aliyekuwa haumalizi uji wa asubuhi. Mdogo wa umbo kuliko wenzake, tumbo mbele. Walimu walisema anadeka. Siku moja nilimkuta amesimamishwa na kikombe mkononi mpaka amalize, naye machozi yanadondokea mle mle ndani ya uji.

Sikujua anaumwa nini, na wala sikujifanya daktari. Inaweza kuwa minyoo, inaweza kuwa njaa ya nyumbani, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Lakini nilijiona mimi pale, kidato cha pili, mtegeaji. Nikamwomba mwalimu wa zamu kikombe kile kikae, nikamwita mama yake, tukazungumza, akampeleka zahanati. Mazoezi yangu yakaisha nikaondoka, sikupata kujua majibu.

Nilichojua ni kwamba mtoto yule alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba uji ule unamuumiza, na kila mara mtu mzima alimjibu kama yule kijana wa kaunta alivyonijibu mimi: hapana, ni uji tu. Baada ya mwaka mmoja au miwili, wewe unayesoma hapa ndiye utakayekuwa umesimama mbele ya mtoto mwenye kikombe. Utakuwa umejifunza saikolojia ya makuzi na mbinu za kufundishia. Hakuna mtihani utakaokuuliza kama unajua kilichomo ndani ya kikombe kile, ila yeye atakuwa anakuangalia.

Tuanze kujizoeza hapa hapa kafeteria. Mtu akikuuliza chakula chako kina nini, usimpe jibu la kumfurahisha. Kama unajua, mwambie. Kama hujui, sema "sijui, ngoja nimuulize aliyepika", kisha nenda kamuulize kweli.